Mvuke wa Baridi

Sesilia alimjua mkwewe Herman kwa kisogo kuliko kwa uso. Tangu amwoe Nelly, miaka kumi na tisa iliyopita, kila walipokutana njiani mwanaume huyo alishuka kando akageukia vichakani mpaka mama mkwe apite, kama desturi inavyotaka. Walipokuwa na la kuambiana walimtumia Nelly, hata wakiwa wote watatu kwenye ua mmoja na kila mtu anasikia. Wapo wanaoilalamikia desturi hiyo. Sesilia aliipenda sana. Ilimwezesha kumsema mkwewe akiwa palepale, kwa sauti kamili, na bado akahesabika kuwa mama mwenye heshima zake.

Na Herman alikuwa na mengi ya kusemwa. Alikuwa mchoma dhahabu pale Segese. Wachimbaji walimletea donge la dhahabu lililoshikana na zebaki, naye akalitia ndani ya chungu cha chuma chenye mfuniko wa kukaza na bomba lililopinda, akawasha tochi ya gesi. Zebaki ikipata moto hupaa, hupita kwenye bomba, ikadondokea kwenye beseni la maji ikiwa ileile, inang'aa, tayari kwa kazi nyingine. Dhahabu hubaki chini ya chungu. Kazi hiyo aliijua vizuri, hakuna aliyemnyima sifa. Ubaya ni kwamba kwa kuijua hiyo moja alijiona amemaliza kujua. Mtu akimwambia redio yake inakwaruza, Herman alitaka kuiweka juani. Shamba halizai, alitaka lichomwe. Walevi wa pale senta walimpa jina la Injinia, naye akalipokea kama cheti.

Sesilia mwenyewe alikaa Tinde, na karanga zake na kuku wake, na pumu iliyomwandama tangu ujana. Mwaka ule mwezi wa kumi ulikuja na vumbi lisilo na adabu. Akazidiwa, akakimbizwa hospitali ya Kolandoto, akalazwa siku nane. Alipotoka alikuwa na mashine ndogo ambayo mwanawe Wiliam aliituma kutoka Mwanza, na vichupa kumi vya dawa, vya plastiki, kila kimoja na ukubwa wa kidole cha mtoto. Unakata kichwa cha kichupa, unamimina dawa kwenye kikombe, unavaa barakoa, unawasha. Mashine inanguruma na ukungu mweupe unatoka.

Nesi wa kule alimfundisha pia namna ya kujipima bila chombo chochote.

"Bibi, wewe ni msemaji," alimwambia. "Basi jipime kwa maneno. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, tumia mashine. Yakianza kutoka matatu matatu, tumia halafu uje mbio."

Kipimo hicho kilimfaa Sesilia kuliko vyote alivyowahi kupewa na hospitali.

Nelly hakutaka mama yake arudi Tinde peke yake. Alimchukua mpaka Segese akae naye hadi mvua zikamate. Sesilia akaja na mashine, vichupa vyake, na matetea wawili ndani ya tenga, maana majirani zake wa Tinde hakuwaamini hata kwa unyoya. Alipewa chumba kinachotazama barazani. Herman hakuingia chumba hicho, wala hakuthubutu. Alikaa nje, chini ya dirisha, kwenye kigoda, akisikiliza mashine ikinguruma.

"Mama Edson," alimwambia mkewe siku ya kwanza, "hebu muulize mama, hiyo mashine inapata moto saa ngapi?"

Nelly hakupata hata nafasi ya kufungua mdomo.

"Mwambie Baba Edson haipati moto," Sesilia alijibu.

"Sasa mvuke unatoka wapi?"

"Mwambie unatoka hapo unapotokea."

Herman aliomba aushike. Nelly akampitishia barakoa dirishani, ukungu ukamgonga kiganjani. Akauondoa mkono, akaurudisha, akacheka kicheko cha mtu aliyewakamata wezi.

"Baridi! Mama Edson, huu ni wa baridi! Shemeji Wiliam ameuziwa feni. Hakuna kitu duniani kinachopaa bila moto. Hapa mama anapuliziwa maji tu."

"Mwambie si feni," Sesilia alisema. "Ni pampu. Pampu ya baiskeli iliyotiwa umeme. Inasukuma upepo, upepo unaipasua dawa inakuwa ukungu. Nesi amenieleza kwa kinywa chake, dawa hii ikipikwa inakufa, ndiyo maana inapasuliwa kwa upepo badala ya kuchemshwa. Na hata asingenieleza, marehemu mume wangu alitengeneza baiskeli pale Tinde miaka thelathini. Pampu naijua hata ikivaa koti."

Aliyasema yote hayo kwa pumzi mbili tu, kwa hiyo alijua dawa inafanya kazi. Herman nje alirudia neno hilo, pampu, pampu, akicheka mpaka akakohoa. Siku tatu nzima kila mgeni aliyefika barazani alisimuliwa habari ya mama mkwe anayejazwa upepo.

Kilichomkera Sesilia zaidi ni kwamba jamaa hakuwa mbaya. Mtu mbaya unamfungia mlango, mambo yanaisha. Huyu alitaka kusaidia. Aliamka mapema kumwagia ua maji ili vumbi lisipande. Aliagiza karasha la jirani, ile mashine ya kusaga mawe, lisiwashwe mpaka saa nne, na wakamtii kwa kuwa walimhitaji. Usiku mama mkwe akikohoa, yeye chumba cha pili alikuwa anageukageuka kitandani. Nelly ndiye aliyeyasema hayo. Sesilia alisikia, akasema angekohoa kidogo zaidi kama angekuwa mbali na wajinga.

Jumapili Sesilia alikwenda misani na Nelly. Kabla ya kutoka alichukua kichupa kimoja akakifunga kwenye pindo la khanga, kwa sababu padri wa pale alipenda ubani kupita kiasi. Vitatu alikuwa ameshavitumia, vilibaki sita kwenye boksi, kando ya mashine, juu ya meza ya dirishani. Kikombe, barakoa na mpira wa kupitishia upepo vilikuwa jikoni, Nelly ameviosha na kuvianika kwenye kichanja cha vyombo.

Waliporudi, ua ulinuka plastiki iliyoungua.

Herman alisimama mlangoni pa kibanda chake cha kazi, uso umegeukia ukutani kwa heshima. Mkononi alishika kitu kilichokuwa mashine. Ubavu mmoja ulikuwa umeyeyuka na kujikunja. Ndani ya lile tundu lilionekana koili la jiko la umeme, jekundu la kutu, limefungwa kwa waya.

"Mama Edson, mwambie mama asishtuke," alianza. "Nilitaka kuitia nguvu. Upepo upite kwanza kwenye moto, ndio uje kwenye dawa. Moto ulipatikana vizuri kabisa. Ila mota ikawa dhaifu. Mashine yenyewe ilikuwa feki."

Sesilia aliketi kwenye kizingiti. Alipoongea, sauti ilikuwa ya taratibu sana.

"Nelly, muulize mumeo, akiletewa saa haitembei, huwa anaikaanga?"

"Mama anauliza..." Nelly alianza, maana safari hii hata yeye alichanganyikiwa.

"Nimesikia," Herman alisema. "Mwambie asihofu. Kesho nampikia dawa kamili, ya moto, ya kitaalamu. Nimemwagiza fundi chungu kipya kabisa, hakijawahi kuona zebaki. Boksi la dawa ninalo humu."

"Mwambie arudishe boksi langu."

"Mwambie litarudi likiwa limekamilika."

Na akaufunga mlango wa kibanda kwa ndani. Nelly akapiga simu Mwanza, Wiliam akafoka dakika tano nzima, kisha akaahidi mashine nyingine itakuwa kwenye basi la Jumatano hadi Kahama. Zilibaki siku tatu. Sesilia aligusa pindo la khanga yake, akakisikia kile kichupa kimoja, na hakumwambia mtu. Angemwambia Nelly, Nelly angemwambia mumewe, na mumewe angekwenda kukikamilisha.

Jumatatu asubuhi chungu kipya kikawashwa. Wachimbaji waliokuja na madonge yao walikalishwa nje wasubiri. Herman alimimina vichupa vitatu, akapima uzito wake kwa ile mizani ndogo ya dhahabu inayohisi hata punje ya mchanga, akakaza mfuniko, akapiga moto. Kwenye ncha ya bomba kikombe cha kioo kilipokea matone safi, moja baada ya jingine. Alipomaliza akapima tena. Kilichopungua kilikuwa kidogo sana.

Akaja dirishani na kikombe mikononi mwake, uso pembeni, amejaa furaha.

"Mama Edson, mwambie mama imerudi yote. Mizani haisemi uongo. Imepaa na imeshuka, ileile kama zebaki. Sasa nikiichemsha tena mbele yake avute mvuke wake, hapo ndipo atajua dawa ni nini."

Sesilia alikipokea kikombe kutoka kwa binti yake. Alichovya ncha ya kidole, akagusisha ulimini, akatema dirishani, karibu sana na kandambili za Injinia.

"Nelly, dawa yangu ina ladha. Ina chumvichumvi na uchungu kwa mbali, imenishukia kooni mara tatu na naijua. Haya ni maji. Tena maji matupu kuliko ya mvua. Muulize mumeo, chini ya chungu kulibaki nini?"

"Hakuna kitu. Ukoko kidogo tu wa kahawia," Herman alisema. "Taka za dawa. Nimekwangua."

"Muulize kaupeleka wapi."

"Nimewatupia kuku."

Sesilia alimwangalia binti yake. Kisha alivuta pumzi taratibu, maana alitaka imtoshe.

"Miaka ishirini," alisema. "Miaka ishirini mwanaume huyu anachoma, na kila siku ya Mungu kinachopaa ni uchafu na kinachobaki chini ni dhahabu. Hakuna mtoto hapa Segese asiyejua hilo. Leo ameletewa dawa ya mama mkwe, akahifadhi kilichopaa na kilichobaki chini akakitupia kuku. Mwambie kuanzia leo matetea wangu watapumua vizuri kuliko mimi."

Mmoja wa wale wachimbaji waliokuwa wakingoja alicheka kwa sauti, na wenzake wakamfuata. Herman hakucheka. Kisogo chake, ambacho Sesilia alikijua kama kiganja chake, kilibadilika rangi. Wanaume wale walikuwa wamemkabidhi dhahabu zao miaka yote bila kuuliza swali, na sasa walimtazama wakianza kujiuliza.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Herman alirudi kibandani.

Jumanne asubuhi alituma habari mpya. Alikuwa amegundua kosa. Kosa lilikuwa moto mdogo. Vichupa vitatu vilivyosalia amevikausha usiku, akapata ule ukoko, na safari hii hatatupa kitu. Ataupiga ukoko kwa tochi kali mpaka nao upae wote, moshi utue kwenye sahani baridi, na uzito utakuwa uleule. Kwa hiyo itakuwa dawa ileile.

Sesilia alisikiliza. Pumzi yake asubuhi ile haikuwa nzuri. Mawingu yalikuwa yamekaa chini tangu alfajiri, upepo wa kabla ya mvua ulikuwa umeanza kuinua vumbi la karasha, na sentensi zake zilikatika katikati. Hata hivyo aliinuka, akaenda jikoni, akachagua mayai mawili yanayolingana, moja akalichemsha na kulichora alama ya mkaa. Akayaweka kwenye sahani.

"Mpelekee mumeo," alimwambia Nelly. "Mwambie ayapime."

Nelly alirudi baada ya muda. "Anasema uzito ni mmoja, mayu," alimwambia mama yake, kwa neno lao la Kisukuma. "Anauliza ndiyo nini."

"Mwambie sasa ayalalishie kuku yote mawili." Alisimama akavuta hewa. "Siku ishirini na moja aje. Aniambie yai lenye alama... limetoa kifaranga gani."

Hata Nelly, ambaye miaka yote alikaa katikati bila kuegemea upande, alikwenda kibandani anacheka. Jibu lililorudi lilikuwa kwamba yai ni yai na dawa ni dawa, na kwamba mama avumilie nusu saa tu.

Hakuhitaji nusu saa. Kibanda cha Herman kilikuwa upande upepo unakotoka. Aliuwasha moto, ukoko ukageuka mweusi, ukachemka, ukatoa moshi wa njano wenye harufu ya nywele zilizoungua, na moshi ule haukungoja sahani ya baridi wala mizani. Uliiacha ile mitambo yote ukaja moja kwa moja dirishani kwa mama mkwe.

Sesilia alikohoa mara moja. Kisha kifua kikafunga.

Alijua hali hii. Hewa inaingia kidogo na kutoka inakataa, na mbavu zinajivuta zenyewe. Nelly alikuja mbio, akafunga dirisha, akamkalisha wima, akampepea.

"Mayu! Mayu, sema na mimi!"

"Piga simu," Sesilia alisema. Yakaishia hapo. Mawili. Hata matatu hayakufika.

Mvua ilianguka wakati uleule, ile ya kwanza ya msimu, inayokuja kwa pupa. Nelly alimpigia Masele, dereva wa Probox anayepeleka wagonjwa Kahama. Masele alikuwa upande wa pili wa mbuga, na mbugani tayari maji yalikuwa yameshika barabara. Angezunguka. Saa moja, alisema, labda na zaidi. Sesilia alisikia kila neno, maana masikio yake hayakuwa na pumu. Aliogopa, na aliona aibu kuogopa kwa sababu ya mpumbavu. Kufa kwa radi, sawa. Kufa kwa ukoko wa Herman, wazee wa Tinde wangecheka hadi arobaini.

Alifungua pindo la khanga. Akatoa kichupa kimoja akakiweka kwenye kiganja cha Nelly.

"Unayo! Mungu wangu, unayo!" Nelly alikimbilia jikoni akarudi na kikombe, barakoa na mpira. Kisha akasimama katikati ya chumba navyo mikononi. Mashine hakuna. "Nifanyeje, mayu? Niichemshe?"

Sesilia alitikisa kichwa kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Alitaka kusema. Neno lilikuwa fupi kabisa, herufi tano, na hakuweza kulitoa. Akakunja ngumi mbili, akaziweka pamoja mbele ya kifua, akazishusha, akazipandisha, akazishusha.

"Kutwanga? Unataka nini, kinu?" Nelly alianza kulia. Alidhani mama yake ameanza kuweweseka, anaaga na kazi zake za duniani.

Dirisha likafunguliwa kwa nje.

Herman alisimama kwenye mvua, amelowa chapachapa, uso umeelekea ndani. Hakugeuka. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa Sesilia aliyaona macho yake, na yalikuwa ya mtu aliyeshikwa na hofu mpaka kwenye mifupa. Herman alizitazama zile ngumi zinazopanda na kushuka. Lile neno alilolicheka siku tatu, alilolisimulia kwa kila mgeni, lilimjia.

"Pampu," alisema.

Sesilia alifumba macho. Ndiyo, mjinga wewe. Pampu.

Ilikuwa imetundikwa barazani muda wote, juu ya kigoda alichokalia akicheka: pampu ya kusimama, ile ya kukanyaga kitako chake chini na kusukuma mpini kwa mikono miwili, anayojazia matairi ya pikipiki. Herman aliishusha. Akaisukuma mara kadhaa hewani ili iteme vumbi, akaifuta mdomo kwa shati lake la ndani. Nelly akampa ncha ya mpira kupitia dirishani. Haikulingana na mdomo wa pampu, hewa ikavuja. Akachana kwa meno kipande cha tyubu kuukuu iliyokuwa imetundikwa pamoja na pampu, akaviringisha, akakaza kwa fundo. Hapo mikono yake haikutetemeka, na lazima isemwe, fundo lilikuwa zuri.

Nelly alikata kichwa cha kichupa, akamimina kwenye kikombe, akamvalisha mama barakoa. Herman akasukuma.

Kikombe kililia kidogo, kikatema matone. Akasukuma tena, kwa nguvu zaidi, akapandisha haraka, akasukuma. Na ukungu ukatoka. Ulikuwa mwembamba kuliko wa mashine, ulikatika kila mpini ulipopanda, lakini ulikuwa uleule mweupe, wa baridi, wenye chumvichumvi na uchungu kwa mbali. Sesilia aliujua mara ulipogusa ulimi.

"Usiache!" Nelly alipiga kelele. "Baba Edson, usiache!"

Hakuacha. Dirisha lilikuwa juu na paa fupi, kwa hiyo maji yote ya bati yalimshukia mgongoni. Alisukuma akihema, tumbo lake la kula vizuri likipanda na kushuka pamoja na mpini. Watu wawili wa karasha waliojikinga mvua chini ya paa la jirani walimwona Injinia amesimama peke yake kwenye mvua, anajaza upepo ukuta wa nyumba yake.

"Fundi!" mmoja aliita. "Nyumba imepata pancha?"

Herman aliendelea kusukuma. Sesilia aliisikia, na hata ndani ya dhiki ile alijiahidi kuikumbuka.

Dakika zilipita. Mbavu zikaanza kulegea, kwanza upande mmoja. Hewa iliyokuwa imekwama ndani ikapata njia. Ukungu ukaingia mbali zaidi. Nelly alikuwa amepiga magoti ameshika barakoa kwa mikono miwili, anamwangalia mama yake midomo, akisubiri rangi irudi.

"Maneno, mayu," alinong'ona. "Jaribu maneno."

"Nipo," Sesilia alisema.

Baadaye kidogo: "Nipo bado hapa."

Yakawa matatu. Baadaye yakawa matano, halafu saba, Nelly akihesabu kwa vidole kama mtoto wa shule. Nje pampu iliendelea kugonga, du, du, du. Herman aliuliza kwa sauti iliyokwaruza, bado akimtumia mkewe kama desturi inavyotaka:

"Mama Edson, mama anasemaje?"

Sesilia aliitoa barakoa usoni. Alimwashiria Nelly anyamaze. Alivuta hewa, ikaingia, ikaendelea kuingia mpaka chini kabisa, mahali ambapo ilikuwa haijafika tangu Jumamosi. Akageukia dirisha. Hakumtumia mtu.

"Wewe Herman, mwanaume mzima na ndevu zako, na mizani yako na tochi yako na hilo lichungu lako lenye mkia, umeniunguzia mashine, umenichemshia dawa, cha maana ukakitupia kuku na maji ukaniletea mimi, ukanifukiza kama nyuki kwenye mzinga, na wakati wote huo nilichokuomba ni upepo tu, upepo, kitu ambacho hata wewe hujaweza kukichoma, na hata sasa umesimama hapo mvuani na nyumba yako ina pancha!"

Hakusimama popote katikati. Hapakuwa na mkato wala mkoromo. Ilikuwa sentensi moja, kwa pumzi moja, na ilifika mwisho ikiwa na nguvu kuliko ilivyoanza.

Nelly alikaa chini sakafuni akajifunika uso kwa khanga. Nje, pampu ilinyamaza kidogo, kiasi cha mtu kujifuta pua.

"Naam, mama," Herman alisema. "Umemaliza sentensi. Umeimaliza yote!"

Kisha akashika mpini akaendelea kusukuma, kwa bidii kuliko mwanzo, maana Probox ya Masele ilikuwa bado haijaonekana na hakuna aliyemwambia aache.

Sesilia aliirudisha barakoa usoni, akaegemea mto. Alikitazama kikombe. Kilikuwa kimekauka kitambo, hakikubaki hata tone, na kilichokuwa kinatoka sasa ni upepo mtupu wa Segese. Alilijua hilo vizuri kabisa, akafumba macho, akamwacha apige pampu.